Mwaka Bati Lilipovikwa Nyasi

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya tahajia. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu haujawahi kuwa mwepesi. Mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi bado niko mstari wa pili. Karatasi hizi nimeziandika kidogo kidogo tangu tulipomzika shangazi yangu Veronika hapa Nyakitonto, nikikaa mlangoni jioni kabla giza halijaingia. Atakayezisoma azivumilie herufi zinazolala. Sitaeleza ukoo wetu wala utoto wangu, maana si neno kubwa. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ule ambao watu wa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli walikuwa wakiondoka, nami nikafanya kazi ya kutazama picha za ardhi mjini Kibondo. Siku ya mazishi wengine walilia, mimi nikashika jembe nikafukia. Jirani mmoja aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, na ilikuwa kweli. Nimekuwa hivi tangu mwaka ule, kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi, na sijui kama kuandika kunaweza kuuamsha.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Hemedi, mtu wa Ujiji aliyekuja Kibondo akiwa kijana, akaoa na kuzeekea hapo. Kati yetu na duka palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, hata mtu akimwaga misumari kwenye mizani tulisikia. Dirisha lilizibwa kwa kanga kuukuu ili jua lisipige vioo vya kompyuta, kwa hiyo mchana kutwa tulikaa kwenye mwanga wa rangi ya machungwa. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Sefu, mtu wa Tanga, mpole, anayevua viatu mlangoni hata ofisini. Aliyejua mashine hasa ni Devota, binti wa Kasulu mjini, mwenye maneno mengi kuliko redio. Mimi nilichukuliwa kwa sababu walitaka mtu anayevijua vilima na majina yake ya Kiha, na kwa sababu, kama alivyosema Bwana Sefu siku ya kwanza, "huyu kijana hana makelele." Nilikaa kando ya Devota. Akinionyesha bonde, namwambia ni bonde gani na njia yake inatokea wapi. Nilipokuwa sijui nilinyamaza, naye akajifunza kuusoma ukimya wangu. "Amosi kanyamaza," alikuwa akimwambia Bwana Sefu, "andika hapajulikani."

Kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha. Kulikuwa na picha iliyopigwa kutoka juu miaka mingi nyuma, na nyingine ya karibuni, za mahali pale pale. Programu ilizilaza moja juu ya nyingine kama mashuka mawili kitandani, na Devota alishika kipanya akaivuta ya juu pole pole, ikajikunja kama pazia, ya chini ikaonekana. Hivyo unaona palipokuwa na miti na sasa pana shamba, palipokuwa na njia na sasa pana majani. Mashine nayo ilijaribu kufanya peke yake: kila iliposhuku mabadiliko ilipaka wekundu. Lakini mashine haijui kutofautisha kivuli cha wingu na shamba lililochomwa, ndiyo maana sisi watu tulikaa pale. Tulianza na Mtendeli, kwa sababu mradi uliotuajiri ulitaka kujua kuni zilikatwa umbali gani kuizunguka kambi. Picha za Mtendeli zilikuwa nyingi, za karibu karibu. Ukivuta pazia, mstari wa mapaa ulikuwa umepungua. Ukivuta tena, mtaa mzima umebaki miraba ya udongo mwekundu. Wengine walihamishiwa kambi ya Nduta, wengine walirudi kwao Burundi. Nilikuwa na watu niliowajua huko, wanawake waliokuwa wakija kulima kwa vibarua Kitahana, na mafundi wawili wa baiskeli. Sikujua nyumba zao zilikuwa zipi. "Amehama," Devota alikuwa akisema kila paa lisipoonekana, akibonyeza. "Amehama. Amehama. Huyu naye kahama." Baada ya siku chache aliacha kusema, ikabaki sauti ya kidole tu. Saa sita tulikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka aliopika mke wa Mzee Hemedi, nami nilikula vizuri. Nakumbuka nilijishangaa kwamba nakula vizuri.

Baadaye tukapewa Kitahana, upande wa juu unaopakana na msitu wa hifadhi. Kitongoji chenyewe sitakitaja, walioishi pale watakijua. Ilitakiwa uchorwe mstari kati ya ardhi ya kijiji na msitu, na kanuni ilikuwa nyepesi hata mimi niliielewa mara moja. Nyumba iliyoonekana kwenye picha zote mbili ni ya mwenyeji wa zamani, mstari utaizunguka aachwe mahali pake. Iliyoonekana kwenye mpya tu, huyo ni mgeni aliyeingia msituni, ataondoka. Iliyoonekana kwenye ya zamani tu, mwenyewe amehama, na ardhi inarudi kuwa msitu. Devota alivuta pazia, nami nikaiona nyumba ya shangazi. Niliijua kwa mvule mmoja ulioegemea bonde na kwa namna njia inavyokata kona. Bati lake liling'aa kama punje ya mchele iliyoangukia majani. Mashine ilikuwa imelizungushia wekundu. Chini yake, kwenye picha ya zamani, palionekana migomba tu na kitu cha rangi ya maganda ya maharage.

Shangazi Veronika aliishi pale tangu alipoolewa. Mumewe na mtoto wao mmoja walizikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Zamani nyumba iliezekwa nyasi. Bati alilinunua miaka miwili kabla, baada ya maharage kukubali. Nilimwambia Devota, Devota akageuka akamwita Bwana Sefu, ikanibidi niseme tena. Bwana Sefu hakunicheka. Aliinama akakaribia kioo, akaitazama ile rangi ya maganda ya maharage kwa muda mrefu. "Nyasi hizi," alisema. "Na huu weupe pembeni ni uwanja uliofagiwa. Kweli kabisa, kijana wangu. Sasa tazama, ziko ngapi za namna hii?" Zilikuwa nyingi. Kitongoji chote kilikuwa kimeezeka bati ndani ya miaka ile ile. Bwana Sefu alifuta wekundu, akaweka manjano, maana yake bado tunauliza, akasema kiangazi itapigwa picha nyingine, safi, isiyo na mawingu, nayo ndiyo itakayoamua. Kisha akasema lazima wenyewe waelezwe, si haki watu wachorewe mstari bila kujua unachorwaje.

Mkutano ulifanyika shuleni. Bwana Sefu alieleza vizuri sana, hata leo nikiyakumbuka maneno yake sioni pa kuyalaumu. Alisema picha inaona bati kirahisi na nyasi kwa shida, na kwamba kwa sababu hiyo nyumba zao za zamani zilionekana kama mpya. Alisema wasiwe na hofu, jambo hilo linajulikana. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo kinachotuchongea ni bati?" Bwana Sefu akacheka kidogo, akasema, "Kwa namna fulani, ndiyo, mzee wangu." Watu wakatazamana. Sikumwona shangazi, alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Tulirudi Kibondo tukiwa tumeridhika.

Yaliyofuata niliyasikia kupitia ukuta. Asubuhi moja sauti ya mwanamume ilimwuliza Mzee Hemedi kama ana kamba ya katani.

"Kamba ninayo," alijibu Mzee Hemedi. "Na bati uliloniwekesha? Lipo, linakungoja kama mchumba."

"Bati acha kwanza."

"Wewe wa Kitahana?"

"Ndiyo."

"Wote wa Kitahana wiki hii mnataka kamba. Mnafunga ng'ombe gani huko, ambao sisi hatuwaoni mnadani?"

"Tunafunga nyasi, mzee."

"Nyasi zimeanza kukimbia?"

Watu walicheka dukani. Devota naye akacheka, kisha akaacha, akanitazama. "Oyaa, Amosi," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa jamaa wanafunika mapaa." Bwana Sefu hakuwepo, alikuwa Kasulu kwenye kikao. Siku iliyofuata ilikuja sauti ya shangazi. Nilimtambua kabla hajamaliza salamu, maana alikuwa akiivuta "mwakeye" yake ya Kiha kama mtu anayekunja mkeka. Alitaka kamba, na alitaka punguzo. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikamkuta kwenye baraza, kichwani ana mzigo wa kamba.

"Mwakeye, shangazi."

"Mwakeye, mwanangu. Umekonda. Hawakupi chakula hawa?"

Nilimwambia asifunike. Sikujua kusema zaidi ya hapo, nikarudia. Alitua mzigo akakaa juu yake.

"Hebu nieleze vizuri, wewe unayeziona. Kwenye picha ya zamani, juu ya nyumba yangu kuna nini?"

"Nyasi."

"Na mnaitafuta tofauti, sivyo? Palipo na tofauti ndipo penye kosa."

"Ndiyo."

"Basi mpya nayo ione nyasi. Zifanane. Kosa litatoka wapi?"

"Lakini nyasi hazionekani vizuri, shangazi. Nyumba isipoonekana wanasema umehama."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, si mbishi tu. "Zamani sikuonekana," alisema, "na sikuhama. Niliishi. Miaka yote hakuna aliyekuja kuniuliza kitu. Nimeweka bati, mwaka wa pili tu mmenipaka wekundu. Sasa wewe mwanangu nishauri, ipi salama, kuonekana au kutoonekana?"

Nilitafuta jibu. Lilikuwepo, naliona hata sasa, lakini lilikuwa refu na lilihitaji kanuni zote tatu kwa pamoja, nami nilipofika ya pili alikuwa amekwisha kunyanyuka. Alisema, "Pole na kazi," kama anavyoambiwa mtu mzima. Bwana Sefu aliporudi nilimweleza, na Devota akaongeza niliyoyaacha. Alipeleka ujumbe kijijini kwamba watu wasifunike. Ujumbe ulifika. Lakini ulitoka ofisini, na watu walisema, unaona, sasa wanataka tufunue.

Picha ya kiangazi ilikuja safi kama alivyosema, hakuna hata wingu. Devota aliilaza juu ya zile mbili akavuta pazia. Hakukuwa na kitongoji. Kulikuwa na migomba, na viraka vya rangi ya majani makavu, na njia. Hata viwanja havikuonekana. Wanawake walikuwa wameacha kufagia. Walitandaza mabua ya mahindi mlangoni. Kwetu uwanja usiofagiwa ni wa nyumba yenye msiba au iliyohamwa, na nilipouona uwanja wa shangazi umefunikwa nilijua jinsi jambo lile lilivyomgharimu. Mashine ilipitisha rangi yake ya kijivu, ya waliohama, kitongoji kizima, kama ilivyofanya Mtendeli. Devota hakubonyeza kitu. Alikaa mikono mapajani. "Noma," alisema. Nilitazama mahali pa nyumba ya shangazi nikangoja nihisi kitu. Kwa ukuta nilisikia Mzee Hemedi akibishana na mtu juu ya bawaba.

Bwana Sefu alisema kisichoonekana kwa juu kitaandikwa kwa chini. Tulikwenda wote watatu, na kifaa cha kuchukua alama ya mahali, tupite mlango kwa mlango. Mwenye nyumba alitakiwa akubali na kuweka kidole gumba, kwa sababu mradi haukuweza kumwandika mtu asiyetaka kuandikwa. Nyumba za mwanzo zilikuwa zimefungwa, moshi bado unatoka. Wachache walikubali. Shangazi tulimkuta, hakukimbia, alikuwa amepika. Alitukaribisha ndani, gizani, chini ya bati lile ambalo lilikuwa limetulia kwa uzito wa nyasi na mawe, tukala ugali na maharage yaliyoungwa mawese. Bwana Sefu alikula kwa heshima, akasifu.

"Mmeniona?" shangazi aliuliza.

"Hatukukuona, mama," alijibu Bwana Sefu.

"Vizuri," alisema shangazi, akamwongezea maharage.

Bwana Sefu aliweka sahani chini, akaeleza tena, pole pole, kanuni zote tatu. Nilitafsiri kwa Kiha, ingawa alikuwa anaelewa Kiswahili, kwa sababu nilitaka ayasikie kwa mdomo wangu. Nilimwambia weka kidole, shangazi, ukiweka kidole mstari utakuzunguka. Nadhani ndiyo siku niliyosema maneno mengi kuliko zote maishani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza kwa Kiswahili, ili na wageni wasikie.

"Watu wa Mtendeli, waliandikwa au hawakuandikwa?"

"Waliandikwa."

"Waliweka kidole?"

"Waliweka."

"Kila mara walipopewa chakula, kidole. Walipoumwa, kidole. Hakuna watu walioandikwa Kibondo hii kama wale. Sasa wako wapi?"

Devota alitazama mlango. Bwana Sefu alisema, "Mama, ile ni habari nyingine, wale walikuwa wakimbizi," na shangazi akasema anajua, alilima nao, walikuwa watu wazuri, na waliokuja na kalamu kuwaandika nao walikuwa watu wazuri. Alituletea maji ya kunawa. Mikono yake niliiona kwa karibu alipokuwa ananimwagia, na dole gumba lake lilikuwa na ufa wa jembe. Hakuliweka.

Mstari ulichorwa na mvua za kwanza. Palipokuwa na waliokubali ulipinda ukawazunguka. Upande wa shangazi ulinyooka. Hakuna aliyemfukuza kwa ukali. Watu walikuja na mawe ya mpaka, wakashangaa kuwakuta wenyeji, wakawapa muda wa kuvuna. Bwana Sefu aliandika kwa wakubwa zaidi ya mara moja, akiisoma barua kwa sauti kabla ya kuipeleka, nasi tulikuwa tunamsikiliza. Majibu yalikuwa ya adabu. Mkataba wake ulikwisha, akarudi Tanga, akaacha viatu vya mvua ambavyo vilinitosha. Mimi nilikuja Nyakitonto kulima, na shangazi alikuja kukaa nami, ameleta bati lake limefungwa kwa kamba ile ile ya katani. Makaburi yalibaki nyuma. Alikwenda kuyafyeka kila kiangazi mpaka miguu ilipokataa, akiingia kwa njia za panya, na wenye kulinda msitu walikuwa wakimwona na kugeuza uso.

Devota alikuja msibani. Sasa ana watoto wawili, na maneno yake yamepungua. Baada ya maziko tulikaa nyuma ya jiko, akatoa simu. Siku hizi, alisema, huhitaji ofisi wala mashine kubwa, picha za miaka yote zimo humu, unasogeza kidole tu. Alinionyesha Kitahana. Alisogeza, migomba ikawa mingi. Akasogeza, ikachanganyika na miti. Akasogeza, sikuweza tena kusema ilipokuwa nyumba, mpaka nilipoutafuta ule mvule. Kisha akaleta Nyakitonto, hapa tulipokaa. Mwaka mmoja hapakuwa na kitu. Akasogeza, na weupe ukatokea, mdogo, unang'aa, bati la shangazi, na pembeni yake uwanja uliofagiwa vizuri hata kivuli cha mti wa parachichi kimekaa wazi juu yake.

"Huku hakufunika," Devota alisema.

Nilimweleza. Nilipomwezekea chumba chake nilimwuliza kama alitaka nitupie nyasi juu, kwa ajili ya joto au kwa lolote lile. Alikuwa ameshika ngazi. Alisema, "Acha tu. Hapa sina mtu chini ya ardhi. Wanione wakitaka."

Sasa yupo mtu hapa chini ya ardhi, ni yeye mwenyewe, peke yake. Wale wake wako kule msituni, na sijui kama kuna ruhusa ya kuomba kumrudisha, maana kwa karatasi hakuna aliyewahi kuishi pale, na kumzika mtu kwenye msitu kunahitaji awe alitoka humo. Ndiyo sababu naandika. Ninyi mliokuwa majirani zake upande ule wa juu, mliofunga milango moshi ukitoka, sijui mlikwenda wapi. Wengine nasikia wako Kasulu, wengine Uvinza. Mkiwa wengi tunaweza kusema pamoja kwamba tuliishi pale. Mimi peke yangu ni mpwa tu niliyefanya kazi upande wa pili. Niandikieni kwa jina la Amosi, Nyakitonto, barua itafika. Msione haya kwa mwandiko, mmeshauona wangu. Na kama bado hutaki jina lako liandikwe popote, nimekuelewa, usiliandike. Andika tu kwamba upo.